Mkokoteni wa Kumrudisha Syombua

Jumatano, 1 Agosti 1979

Syombua ameenda kwa mama yake. Amechukua watoto wote wawili. Hatukugombana, hilo liandikwe. Amesema tu kwamba mgongo wake si punda. Amesema nilimwahidi mkokoteni wa kuteka maji Nduku, mtoto wetu wa kwanza, akiwa hajaota meno, na sasa Nduku meno yameanza kung'oka. Atarudi siku mkokoteni huo utakapokwenda kumchukua. Kwa miguu harudi.

Nilimwambia kazi imebaki kidogo. Akaniuliza imebaki nini. Nikamwambia matundu mawili tu.

Na ni kweli! Mbao ziko. Magurudumu yako, niliyatoa kwenye gari bovu kule Salama. Ekseli iko. Ng'ombe wawili wako, ingawa mmoja hampendi mwenzake. Yamebaki magogo mawili ya kushika ekseli chini ya mbao, na kila gogo linataka tundu la kupitisha chuma hicho. Upana wake kama mdomo wa kikombe cha chai, urefu wake kutoka kiwiko hadi vidole. Mwanamume mzima atashindwa na tundu?

Shida ni Mutunga. Huyu ni mwanyumba wangu. Mimi nimemwoa Syombua, yeye amemwoa dada yake, Mbinya. Ni seremala pale sokoni Kibwezi na mkokoteni wake unapita hapa kila siku ukipiga kelele kwa makusudi. Magogo yake ni ya mukau. Kila mtu hapa hutumia mukau, kwa sababu mchwa hawaugusi na chuma kinaingia bila matata.

Mimi nitatumia mpingo. Mkokoteni wa mukau utamrudisha mke. Mkokoteni wa mpingo utamrudisha mke na heshima yake.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimeanza. Nilifunga gogo la kwanza kwenye shina la mti kwa minyororo, nikashika keekee yangu ya kutobolea mbao, nikazungusha kutoka chai ya asubuhi mpaka jua la utosi. Nimepata kishimo. Nilitia punje ya haragwe ndani nikaona haikai vizuri.

Nikaamua chuma cha keekee ni butu. Nikakinoa kwa tupa mpaka kikang'aa. Kiking'aa hakikamati tena, kinateleza. Nikapaka mafuta ya kupikia ili kiingie kwa urahisi. Sasa kinateleza kwa urahisi.

Sina maji ndani. Nimeoga uso.

Keekee hii ni ya watoto. Ninayohitaji ni ile kubwa, yenye kijiti kilichopita juu kama msalaba, inayozungushwa kwa mikono miwili, ncha yake pana kama tundu ninalolitaka. Katika soko lote iko moja tu. Ni ya Mutunga.

Jumamosi, 4 Agosti

Nilitumia akili. Nilikwenda kwa Mutunga na uso wa mtu asiye na haraka. Nikamsalimia, nikauliza habari za watoto, nikasifu meza aliyokuwa akiitengeneza ingawa mguu mmoja niliuona umepinda. Kisha nikasema, kama jambo dogo, kwamba ninajenga banda la mbuzi na ningetaka keekee yake kubwa nitoboe nguzo.

Akaniuliza nguzo ni za mti gani. Nikasema mukau. Akanisifu. Alisema hatimaye nimeanza kusikia ya watu.

Aliipaka mafuta, akaivika gunia kama mtoto mchanga. Akanipa mashauri ambayo sikuyaomba: niende polepole, niirudishe nyuma mara kwa mara ili unga wa mti utoke, na nisiijaribu kamwe kwa mpingo kwa sababu itakuwa butu. Nikamwambia ni mjinga gani atakayefanya hivyo. Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Jumatatu, 6 Agosti

Inakata! Unga mweusi unatoka, unanukia vizuri. Nimeingia kina cha kidole kimoja na mikono yote miwili imetoka malengelenge.

Nilienda mtoni na debe. Kubeba kwa ukanda wa kichwani kama wanawake sikuweza, watu wangeimba. Nikabeba mkononi. Nilipumzika kwenye kila jiwe kati ya mto na nyumba, na mawe ni mengi. Nilikuwa sijui maji ni mazito hivi. Nimeamua kutolitaja hilo kwa Syombua.

Lakini njiani, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nilipata wazo kubwa. Ukitoboa gogo kutoka mbele, lazima utoboe urefu wote. Ukitoboa kutoka mbele na kutoka nyuma, kila upande ni nusu. Nusu ni kidogo kuliko yote. Mutunga amekuwa seremala tangu ujana wake na hajawahi kufikiria hili.

Jumatano, 8 Agosti

Nusu ya mbele imekwisha. Nusu ya nyuma imekwisha. Katikati hazikukutana.

Nilitia kijiti huku, nikatia kijiti kule. Havikugusana. Nilimimina maji mbele nikakimbia nyuma kuangalia. Nyuma hakuna kitu. Niliporudi mbele maji yalikuwa yamekaa pale yakinitazama. Maji yenyewe nimeyatoa mtoni kwa mkono, sasa yamo ndani ya gogo.

Matundu yamepishana kama mimi na mama mkwe wangu njiani. Sisi Wakamba tuna nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana, mwanamume anaingia kichakani mpaka mama apite. Mchungaji anahubiri kwamba hayo ni mambo ya kale, lakini hata mchungaji nilimwona akiruka mtaro mwaka jana mama mkwe wake alipotokea kwenye kona. Matundu yangu nayo yana nthoni. Moja lilimwona mwenzake likapinda.

Nimekasirika sana leo. Nimelipiga gogo teke. Vidole vya mguu vinauma.

Alhamisi, 9 Agosti

Habari mbaya. Mbinya alipita hapa akiwa na tabasamu la dini. Alisema Mutunga ananihurumia. Ameona ninavyohangaika na ameamua kunisaidia. Jumapili ya tarehe 19, ibada ikiisha, atakwenda na mkokoteni wake kwa mama, ampandishe Syombua na watoto, awalete mpaka mlangoni pangu.

Nikauliza kama Syombua amekubali. Mbinya akasema Syombua alisema mkokoteni ni mkokoteni.

Mke wangu aje kwangu juu ya mkokoteni wa Mutunga, na kanisa zima limesimama barabarani kutazama! Nitaonyesha wapi uso? Nitahamia Tsavo nikakae na ndovu.

Lakini mtu haachi kupanga. Nimekumbuka mwethya. Si kikundi chetu hufanya kazi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule? Zamu yangu ni Jumamosi. Wanakuja kunichimbia matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko utangoja. Watatoboa gogo la pili. Mtu mmoja anachukua wiki. Kijiji kizima kitachukua muda gani? Kitamaliza kabla uji haujapoa.

Jumamosi, 11 Agosti

Walikuja wote, kila mtu na jembe lake begani. Mwenyekiti wetu, Mbula, aliniuliza kamba za kupimia matuta ziko wapi. Nikamwonyesha gogo.

Mbula ni mwanamke wa kanuni. Alitazama gogo. Alitazama keekee moja. Alitazama watu waliojaa uwanja mpaka kwenye boma la ng'ombe. Kisha akasema kanuni ya mwethya ni kwamba kila aliyekuja lazima afanye kazi, la sivyo siku yake haihesabiwi. Kwa hiyo wakapanga foleni.

Kila mmoja alizungusha kidogo, akampa mwenzake. Mrefu alisukumia chini, mfupi alisukumia juu. Mzee Kilonzo hutumia mkono wa kushoto na alikuwa akirudisha nyuma yote yaliyokatwa na waliomtangulia, kwa nguvu nyingi na moyo mweupe. Halafu wanawake wakaanzisha wimbo wa kuchimba, na wimbo wa kuchimba hupanda kila kiitikio. Keekee ikapanda pia. Nilipiga kelele kwamba wanakwenda kombo. Wakadhani ninaitikia.

Chakula nilipika mimi. Muthokoi, kwa sababu nimeona Syombua akiupika na hauonekani kuwa na siri. Kumbe mahindi na maharagwe havitaki kuharakishwa. Mzee Kilonzo aliweka kijiko chini akasema polepole kwamba kama nina shida ya kitu kigumu cha kutobolea mpingo, nitumie hayo maharagwe.

Tundu limetoka upande wa pili, sikatai. Limeingilia katikati ya gogo na kutokea karibu na ubavu. Mbula ameandika kwamba nimeshatumia zamu yangu, na matuta nitajichimbia.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya mtu aliyejenga mnara bila kuhesabu gharama. Sijui nani humpelekea habari.

Syombua alikuwa upande wa wanawake na Nduku mapajani. Aligeuka akatazama mikono yangu, imefungwa vitambaa. Alitazama muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa wakati wa maombi. Baada ya ibada alinijia pale nje. Aliniuliza kama ninakula. Nikasema ninakula muthokoi. Akasema ameusikia huo muthokoi.

Nilitaka kumwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa bila wao. Nilitaka kumwambia ninasikia sauti ya Nduku nikiingia na hayuko. Badala yake nilimwambia mpingo ni mti unaodumu hata mtu akifa. Akasema, haya, Baba Nduku. Akaenda zake.

Jumatatu, 13 Agosti

Mutunga alikuja mwenyewe kuchukua keekee yake, ana kazi nayo. Nilikuwa nimeifuta na kuifunga gunia kama alivyoifunga. Akaifungua. Akaigonga mara moja kwenye kiganja. Unga mweusi ukamwagika mkononi mwake, akaunusa.

Akaniuliza huu ni mukau wa aina gani. Nikasema ni mukau mzee. Akaniuliza umezeeka kiasi gani mpaka ukawa mweusi. Nikasema uliota karibu na reli, labda ni moshi wa treni.

Hakugomba. Ndiyo tabia yake mbaya, hagombi. Alisema ataenda kuinoa, na kwamba nisijisumbue tena, Jumapili atamleta shemeji bila taabu yoyote. Kisha akatembelea banda la mbuzi kuangalia nguzo zangu zinaendeleaje. Banda la mbuzi halipo. Alisimama pale pasipo na banda kwa muda, akaaga.

Jumatano, 15 Agosti

Bila keekee, na gogo la kwanza bado lina matundu yenye nthoni. Nikafikiri: kati yao umebaki ukuta mwembamba tu. Mti haupendi chuma, lakini ni mti gani hauogopi moto? Nikatia nondo kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikaisukuma ndani.

Moshi! Ng'ombe wamekata kamba. Jirani alikuja na ndoo ya mchanga. Mimi niliendelea, nikachomoa, nikatia makaani, nikarudisha. Nilisikia ukuta ukilegea. Nikafurahi nikamwaga maji baridi ndani ili kupooza.

Ulisikika mlio kama wa bunduki. Gogo limepasuka, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, katikati kabisa ya tundu. Nina nusu mbili. Kila nusu ina nusu ya tundu.

Sitaandika zaidi leo. Nimekaa juu ya mkokoteni usiokwenda popote na nimelia kidogo, kwa sababu ya moshi.

Alhamisi, 16 Agosti

Niliamua kuvitupa vipande kwenye korongo kavu kabla Mutunga hajaviona. Nikabeba kimoja kila bega, nikashika njia ya nyuma ambayo hakuna anayeipita.

Mama mkwe anaipita. Alitokea kwenye kona na mbuzi wake mmoja, mama Kavata mwenyewe, fimbo mkononi. Nikaruka kichakani kama inavyotakiwa. Kichaka kilikuwa cha mkonge. Vipande vya mpingo vikaanguka njiani, kimoja huku, kimoja kule.

Alipaswa kupita. Hakupita. Nilisikia akigeuza kipande kimoja kwa fimbo, kisha cha pili. Halafu akanipa mgongo, akaanza kuzungumza na mbuzi.

Alimwambia mbuzi kwamba kuna watu wanatupa kitu kilichokwisha. Alimwambia mbuzi: chuma si lazima kichomekwe kama sindano. Weka nusu hii juu yake, na nusu hii chini yake, kama ganda la njugu, kisha kaza kwa waya na bolti. Na lile gogo lingine lililotobolewa na kijiji, mbuzi wangu, lipasuliwe vivyo hivyo, maana ukishalipasua unaweza kulichonga ndani kwa patasi unyooshe kombo unayoiona kwa macho. Alimwambia mbuzi pia kwamba binti yake halali vizuri, anaamka akisikia kelele ya mkokoteni wowote.

Mbuzi hakujibu. Mama akaenda.

Nilikaa mkongeni kidogo. Lazima niseme kwamba wazo hilo lilikuwa linanijia mimi pia, palepale kichakani, karibu wakati uleule.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimelipasua gogo la pili kwa kabari. Nimechonga ndani kwa patasi siku mbili, mpingo unakatika kwa vipande vidogo kama kucha. Nikilaza ekseli ndani ya nusu, inakaa. Nikifunika kwa nusu nyingine, inakaa. Waya, bolti, grisi nyingi. Nikasukuma.

Magurudumu yamezunguka! Nimeusukuma mkokoteni mpaka kwenye boma na kurudi. Nimefunga ng'ombe na hata wale wawili hawakugombana, nafikiri walishangaa. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeoga mwili mzima.

Jumapili, 19 Agosti

Sikungoja ibada iishe. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilitoka kwa kuinama, nikafunga ng'ombe, nikaenda. Nilipofika lango la mama Kavata nikasikia kelele nyuma. Mutunga naye hakungoja wimbo.

Tukasimama sambamba, mikokoteni miwili, hatusemezani. Syombua akatoka na mzigo wa nguo kichwani na watoto nyuma. Alitazama mkokoteni wa Mutunga, wenye mto wa kukalia. Alitazama wangu, usio na mto. Kisha akaweka mzigo wake kwangu, akampandisha Nduku, akampandisha mdogo wake, akapanda. Alisema, twende nyumbani, Baba Nduku, nimechoka kuwa mgeni. Nilimpiga ng'ombe asiye na kosa.

Mutunga aliinama chini ya mkokoteni wangu, akakaa huko muda. Akatoka akasema hajawahi kuona gogo la ekseli lililogawanywa mara mbili, na kwamba likichakaa mtu anaweza kulikaza tu. Aliuliza, kwa unyenyekevu kabisa, nani amenifundisha. Watu walikuwa wameanza kufika kutoka kanisani, na Mbula akiwa mbele. Mama Kavata alikuwa pembeni ya ghala, ametupa mgongo.

Nikasema ni ubunifu wangu, nilioupanga tangu mwanzo.

Mama Kavata alikohoa. Syombua akanitazama. Kisha Mutunga, ambaye hawezi kumwacha mtu na siku yake moja, akashusha kutoka kwenye mkokoteni wake kinu kipya, zawadi kwa mama. Cha mukau. Kimechongwa vizuri, wanawake wakapiga vigelegele.

Hapo sikuwa na la kufanya ila kusema nilichosema.

Jumatatu, 20 Agosti

Asubuhi nzuri. Tulikwenda mtoni wote, tukarudi na mapipa mawili yamejaa, Nduku amekaa juu akiimba. Syombua alioga, akafua, akamwagia hata mche wa mpapai. Alicheka nilipomwonyesha jiwe ninalopumzikia.

Kisha akaniuliza kama aliyoyasikia jana ni ya kweli, kwamba mbele ya watu wote nimemwahidi mama yake kinu cha mpingo, kirefu mpaka kiunoni, kabla ya Krismasi. Nikamwambia ni kweli. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba kinu ni rahisi kuliko tundu la mkokoteni, kwa kuwa hakina upande wa pili. Nikamwambia gogo nimeshaliona, nene ajabu, na kwamba Mutunga ameshanoa keekee yake na nitamwomba kwa ajili ya banda la kuku.

Mzigo wake wa nguo bado uko pale mlangoni. Nilidhani angeufungua jana. Nilipomaliza kumweleza aliuendea, akaukaza fundo. Nafikiri anaogopa panya.